Sura ya Saba: Mtafute Karani Kwanza

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na wafu wawili ambao hakuwahi kuyaona makaburi yao. Wa kwanza ni baba yake, aliyechukuliwa upagazi baada ya majeshi ya Waingereza kuingia Morogoro mwezi Agosti 1916. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, aliyekuwa bado tumboni siku baba yao alipoondoka. Kijana huyo alipokua akaingia keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Kila tulipokaa kuwaombea marehemu, Bibi aliwataja wa nyumbani mmoja mmoja, na makaburi yao tukiyajua. Mwishoni aliwataja hao wawili, kisha akaongeza maneno yaleyale: "Na hawa wa porini, Mungu awaone huko waliko."

Miaka kadhaa baada ya Bibi mwenyewe kuzikwa, nilikaa mbele ya kompyuta usiku mmoja nikawatafuta wote wawili. Mdogo wake nilimpata kabla ya adhana ya alfajiri. Baba yake, nimemtafuta mpaka leo na kaburi lake sijaliona. Walikuwa wa damu moja na kijiji kimoja, na wote wawili walifia chini ya bendera ileile ya Mwingereza. Kilichowatenganisha ni karani. Mmoja alipokufa, palikuwa na mtu mwenye kalamu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika jina lake na kulipeleka mbele. Mwingine alipokufa, mtu huyo hakuwepo, au alikuwepo na daftari lake halikufika popote.

Ndiyo maana wanaoniuliza, "Nianzie wapi kutafuta kaburi la babu mtandaoni?" huwaambia waanze na karani. Marehemu atafuata.

Daftari lilikuwa la nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya wafanyabiashara, lakini inamfaa pia anayetafuta makaburi, maana daftari lolote la vifo nalo ni mali ya mtu. Hakuna aliyeliandika ili mjukuu aje kulisoma. Karani wa jeshi aliandika ili mshahara usimamishwe na bunduki irudi ghalani. Padri aliandika katika daftari la vifo la parokia kwa kuwa Kanisa lilimtaka atoe hesabu ya roho alizokabidhiwa. Karani wa mji aliandika kwa kuwa kipande cha ardhi ya makaburi kimetumika na ada imelipwa. Karani wa serikali aliandika kwa sababu ya mirathi.

Kwa hiyo kabla hujaandika jina lolote katika kisanduku cha kutafutia, chukua karatasi ujibu swali moja: mtu wangu alipokufa, nani alikuwa na sababu ya kumwandika? Kama alikuwa askari, ni jeshi. Kama alibatizwa, ni parokia au misheni, na huko huenda anaitwa Yohana au Petro, jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Kama alifia hospitali ya mjini, kuna kibali cha mazishi. Kama alifia kijijini enzi za ukoloni, jua kwamba usajili wa vizazi na vifo katika nchi zetu ulianza kuwa lazima kwa Wazungu, ukafuata kwa Wahindi, na Waafrika walio wengi wakaachwa nje kwa muda mrefu. Mtu anaweza kutumia mwezi mzima mtandaoni akitafuta cheti cha kifo cha mwaka 1930 ambacho hakikuandikwa hata siku moja. Swali hilo moja lingemwokolea mwezi wake.

Madaftari yaliyo wazi

Madaftari makubwa ya makaburi mtandaoni si mengi, na kila moja lina tabia yake.

La kwanza kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ni la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana mtandaoni kwa herufi CWGC. Tume hii iliundwa mwezi Mei 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, kwa juhudi za Mwingereza Fabian Ware. Kazi yake ni kutunza makaburi na majina ya watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake katika vita viwili vya dunia. Daftari lake liko mtandaoni tangu miaka ya 1990, na kutafuta jina ni bure kabisa. Kama mtu wako alikuwa keya, anza hapo.

La pili ni FamilySearch, la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huwaita Wamormoni. Wao wana sababu ya kidini ya kutafuta mababu, na kwa miaka mingi wamepiga picha za madaftari ya makanisa na serikali ulimwenguni. Nalo ni bure, ila unajisajili kwanza. Picha nyingine hazifunguki ukiwa nyumbani, mpaka uende katika kituo chao.

Find a Grave ilianzishwa mwaka 1995 na Mmarekani Jim Tipton, aliyependa kutembelea makaburi ya watu maarufu. Mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Ancestry. Hapa karani ni yeyote mwenye simu na nia: mtu anapita makaburini, anapiga picha ya jiwe, anaandika jina. BillionGraves inafanana nayo, na picha zake hubeba vipimo vya mahali, hivyo unaweza kuongozwa na simu mpaka kwenye jiwe lenyewe. Udhaifu wa zote mbili uko wazi: zinamwona mwenye jiwe lenye maandishi, tena katika makaburi yaliyopitiwa na mtu wa kujitolea. Marehemu aliyelala chini ya kichuguu cha udongo na jiwe lisilo na neno, kama walivyo wengi wa wazazi wetu wa pwani na wa bara, hawamwoni.

Kwa waliofia upande wa Mjerumani lipo daftari la Volksbund, chama cha Kijerumani cha kutunza makaburi ya vita kilichoanzishwa mwaka 1919. Ukiingia humo andika majina ya miji kama Wajerumani walivyoyaandika: Muansa, Kilossa, Bagamojo, Daressalam. Kanuni hiyo inafaa kwa daftari lolote la zamani. Mbala ya leo, huko Zambia, iliitwa Abercorn. Yangon iliitwa Rangoon. Karani wa mwaka 1917 hakujua nchi zetu zitakuja kuitwaje.

Njia nzuri ya kulijua daftari usilolizoea ni kulijaribu kwa kaburi unalolijua. Mimi hutumia la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 8, 1941 na kuzikwa Nyeri, chini ya jiwe lenye duara na nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Daftari likimpata yeye, najua limewahi kufika Nyeri. Kisha natafuta jina la mwenyeji wa Nyeri wa umri ule. Matokeo ya majaribio hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yananionyesha, daftari lilipofika huko, liliinama kwa nani na lilimruka nani.

Jinsi nilivyompata wa Burma

Nilianza kama kila mtu anavyoanza: niliandika jina la mdogo wake Bibi kama Bibi alivyolitamka. Hakuna. Nikaongeza herufi, nikapunguza. Hakuna. Karibu nifunge mashine.

Kosa langu lilikuwa kudhani karani aliandika kwa sikio la Bibi. Aliandika kwa sikio lake. Mwingereza, au karani aliyefundishwa na Mwingereza, akiambiwa Salehe aliandika Saleh, Sale au Swaleh. Ramadhani anageuka Ramadan au Ramathan. Mrisho anakuwa Mlisho, kwa maana r na l zilipishana midomoni mwa wasemaji wenyewe. Mwinyi anakuwa Muinyi. Irabu ya mwisho, ambayo kwetu ndiyo roho ya neno, ndiyo ya kwanza kukatwa. Isitoshe, fomu ilidai jina la ukoo, na kijana wa Kiluguru au Kinyamwezi alitoa jina lake na la baba yake. Matokeo yake mara nyingi majina yote yamewekwa mahali pa jina la ukoo, au mtu ana jina moja tu, peke yake.

Basi niliacha jina nikashika mambo mengine niliyoyajua. Bibi alisema mdogo wake alifia Burma, "mwaka ule kabla vita havijakwisha." Vita vilikwisha 1945, kwa hiyo 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, katikati ya masika ya kule, ikipambana na Wajapani, matope, malaria na homa ya utitiri wa vichakani, mpaka ikauchukua mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, Desemba 2, 1944. Nilijua pia kwamba batalioni za keya za wakati ule zilibeba herufi za nchi zilikotoka askari wake: K ya Kenya, na TT ya Tanganyika Territory, kama Waingereza walivyoiita nchi.

Nikachagua majeshi ya Afrika Mashariki, nchi ya Myanmar, jina la leo la Burma, vifo vya kati ya Agosti na Desemba 1944, na mahali pa jina nikaweka herufi tatu za kwanza tu. Yakaja majina mengi. Nikayasoma taratibu kwa sauti, maana jicho likilikataa jina kwa tahajia yake, sikio huweza kulitambua. Karibu na mwisho wa orodha nikasikia jina la nyumbani, limekatwa irabu na kubadilishwa herufi moja.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Majina yetu hurudiarudia. Katika batalioni moja wanaweza kuwamo akina Juma Ali watano. Furaha ya kupata huwafanya watu wamchukue maiti wa wenyewe, wamsomee dua na kumwandikia jiwe, huku mwenye naye bado anamtafuta. Usilikubali jina mpaka mambo mengine matatu yakubaliane nalo. Mimi nilikuwa na batalioni yenye TT, nilikuwa na mwaka, na chini kabisa, katika sehemu ya maelezo ya ziada ambayo wengi huipita bila kuisoma, palikuwa na mstari mfupi: mwana wa fulani, wa Morogoro, Tanganyika. Huyo fulani ni jina la baba yake Bibi.

Nilimpigia mama simu kabla hakujakucha. Alidhani kuna msiba.

Kaburi au ukuta?

Asubuhi mama aliuliza swali la maana kuliko yangu yote ya usiku: "Kwa hiyo kaburi lake lipo?" Ilinibidi nirudi kusoma upya.

Katika daftari la Tume kuna maneno mawili ambayo familia nyingi huyachanganya. Moja ni makaburi, lingine ni mnara wa ukumbusho. Penye makaburi utaona namba ya kiwanja, mstari na kaburi lenyewe. Mtu anaweza kusafiri na kusimama hapo. Penye mnara utaona namba ya ubao au ya ukuta. Maana yake jina limechongwa, lakini mwili haukupatikana, au haukutambuliwa, au kaburi lake lilipotea. Makaburi ya vita ya Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, yana makaburi zaidi ya 6,000 ya Vita Kuu ya Pili, na katikati yake umesimama Mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Mtu akiambiwa "babu yako yuko Taukkyan" ni lazima aulize: chini ya udongo au ukutani?

Mdogo wake Bibi yuko ukutani. Bibi hakuwa amekosea. Wa porini ni wa porini.

Wengine wako mbali zaidi na udongo. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Familia zao zikitafuta kaburi zitatafuta bure, lakini majina ya wanakikosi hao yamo katika mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Ukipajua mahali jina lilipo bila kujua jinsi mtu alivyokufa, unaweza kudhani alizikwa Nairobi.

Makaburi nayo huhama. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, yalitengenezwa mwaka 1968 kupokea wafu wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wamezikwa Ocean Road, kwa kuwa barabara mpya ilikuwa inapita pale. Barua ya zamani ya familia inayosema "amezikwa Ocean Road" na daftari la leo linalotaja mahali pengine, vyote vinaweza kuwa vya kweli.

Ukurasa mtupu wa 1917

Sasa baba yake Bibi.

Alichukuliwa na watu wa kariakoo, kikosi cha wapagazi. Jina la Kiingereza, Carrier Corps, lililopinda katika midomo yetu ndilo leo la soko kubwa la Dar es Salaam, na Nairobi likaacha Kariokor. Katika vita vya Afrika Mashariki, vilivyoanza Agosti 1914 na kumalizika Novemba 25, 1918 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipojisalimisha Abercorn, mizigo haikuwa na gari wala mnyama wa kuibeba, maana ndorobo aliwamaliza farasi na punda. Ilibebwa vichwani. Kwa upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa karibu watu milioni moja, na wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi ulioiva nusu waliopewa watu ambao hawakuuzoea. Masika ya 1917, nchi ya Rufiji ilipogeuka ziwa, ndiyo iliyowatafuna zaidi. Bibi aliambiwa na aliyerudi kwamba baba yake aliachwa ng'ambo ya Rufiji.

Andika jina lake katika daftari la Tume, kwa tahajia yoyote upendayo, na hutapata kitu. Kwa miaka mingi familia kama yetu zilidhani ni kwa sababu hapakuwa na orodha. Habari kamili inauma zaidi. Tume hiyohiyo iliyojengwa juu ya kanuni kwamba wafu wote ni sawa, bila kujali cheo wala rangi, ilifika Afrika ikaiweka kanuni pembeni. Wazungu waliofia huku walipewa jiwe na jina. Kwa askari na wapagazi Waafrika, wakubwa walikubaliana kwamba masanamu ya jumla yangetosha, na makaburi yao mengi yakaachwa yarudi msitu. Hata palipokuwa na majina yaliyoandikwa, hayakutafutwa kwa bidii wala hayakuchongwa.

Hayo yalikubaliwa rasmi Aprili 2021, Tume ilipotoa ripoti ya kamati maalumu iliyochunguza jambo hilo, baada ya filamu ya mbunge wa Uingereza David Lammy ya mwaka 2019 kulifikisha kwa umma. Ripoti ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Tangu hapo majina yanatafutwa katika nyaraka za zamani na kuongezwa. Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa mnara wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika vikosi vya kazi vya vita vile, kila mmoja na nguzo yake ya mti wa mvule.

Kwa mtafutaji, habari hizi zina maana ya vitendo. Kwanza, kutokuwepo katika daftari si ushahidi kwamba mtu hakufa vitani. Usimkanushe bibi yako kwa sababu ya kompyuta. Pili, daftari hili linabadilika. Jina lililokosekana mwaka juzi linaweza kuwemo mwaka huu, kwa hiyo jiwekee siku moja kila mwaka ya kurudi kulitafuta. Tatu, zipo nyaraka nyingine, na si zote zilizopanda mtandaoni: shajara za vikosi na orodha za medali ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na mafaili ya wilaya yamo katika hifadhi za Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Mtandao utakupa namba ya faili. Vumbi utalipangusa mwenyewe.

Makarani wa kwetu

Mtu asije akatoka katika sura hii akidhani kuandika makaburi tulifundishwa na wageni. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Karani wake alitumia patasi, na kwa jinsi alivyoandika tarehe, wataalamu wameweza kupanga umri wa majengo yaliyolizunguka. Mwaka 1973 Freeman-Grenville na Martin walichapisha orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani yetu, mengi yakiwa ya makaburi na misikiti. Mwenye asili ya Lamu, Mombasa, Kilwa au Unguja aanze huko kabla ya kuhangaika na tovuti za Marekani.

Kwa wafu wa karibuni njia ni fupi zaidi. Tanzania Bara vifo husajiliwa na wakala wa serikali, RITA, na Kenya na idara ya usajili wa raia, na siku hizi maombi ya vyeti huanzia mtandaoni katika nchi zote mbili. Lakini daftari la makaburi yenyewe, linalosema nani yuko mstari upi, kwa kawaida bado ni kitabu kilicho mezani kwa msimamizi. Katika ofisi moja nilipewa kitabu ambacho mchwa walikuwa wamekula miaka minne ya katikati, wakaacha majalada. Nilipiga picha kila ukurasa uliobaki. Ukipewa nafasi hiyo nawe fanya hivyo, kwa ruhusa, na uache nakala hapohapo ofisini. Mchwa hawangoji bajeti.

Uwe na adabu pia. Kaburi ni la wenyewe. Usipandishe mtandaoni picha ya kaburi la mtu aliyefariki juzi bila kuwauliza wafiwa, na kwa walio hai usiandike chochote. Na akitokea mtu mtandaoni akidai ameliona kaburi la babu yako, ila kwanza umtumie ada, kumbuka kwamba madaftari makubwa ya vita hayatozi hata senti kwa kutafuta.

Mwana wa nani

Baada ya yote hayo nilinunua daftari gumu la kurasa mia mbili, nikawa karani wa ukoo. Kila marehemu ana ukurasa wake. Naandika majina yake yote, la nyumbani, la dini na la jeshini, na kila tahajia niliyokutana nayo. Naandika alipozikwa, na kama hapajulikani naandika hivyo. Naandika nani aliyeniambia na tarehe aliyoniambia, kwa sababu nimejifunza kwa jasho kwamba daftari lisilotaja karani wake ni nusu daftari. Ukurasa wa baba yake Bibi unasema: *Ng'ambo ya Rufiji, masika 1917. Amesema binti yake.*

Nilidhani huo ndio ukurasa pekee duniani wenye jina lake, mpaka siku moja nilipopita kwenye sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam. Imesimama pale tangu 1927, kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vile. Maandishi yake yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, na katika jiwe lote hakuna jina hata moja la mfu. Nilisimama kwenye jua nikiwa na hasira, ndipo nikaukumbuka ule mstari wa maelezo ya ziada.

Karani aliyemwandikisha kijana yule keya alimuuliza kama alivyowauliza wote: mwana wa nani? Naye, ambaye baba yake hakuwahi kumwona, akalitaja jina. Karani akaliandika kwa ajili ya fomu yake, likavuka bahari pamoja na fomu, likatoka jeshini likaingia katika daftari la Tume. Liko huko mpaka leo, chini ya jina la mwanawe, herufi moja imekosewa.